Mabua ya Matanga

1

Harufu ilipoanza kutoka kwenye biwi la Mama Lusungu, Tusekile Mwaisango ndiye aliyeinusa kwanza, na katika kijiji kizima cha Mpolongoma ni yeye peke yake aliyejua palepale ilikotoka. Alikuwa juu ya baiskeli, kwenye tuta la mfereji, saa mbili asubuhi, akienda kazini. Akafunga breki. Kambale aliyeoza siku tatu juani: hivyo ndivyo alivyoitunga harufu ile kwa mikono yake miaka mitatu nyuma, na alimchagua kambale kwa sababu hakuna pua katika bonde lote la Usangu isiyomjua. Aliweka mguu mmoja chini, akatazama kulia na kushoto. Hakukuwa na mtu. Basi akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulikumbuka bila uso kumchoma. Alikanyaga pedali akaondoka.

Miaka tisa ilikuwa imepita tangu watu wa Mpolongoma wachome mabua ya mpunga. Sheria ya Moshi haikuwa na mzaha, na lile jicho la angani, setilaiti iliyokuwa ikipita juu ya bonde mara kumi kwa siku, lingeweza kukuletea askari kwa sababu ya kuchoma mahindi tu. Badala ya moto kulikuwa na chachu. Mavuno yakiisha, kila kaya ilipanga mabua yake kwenye biwi, tabaka la mabua, tabaka la samadi, ikanyunyizia chachu iliyokorogwa na molasi, ikafunika. Mabua ya mpunga ni magumu, ukiyaacha yenyewe hukaa miezi minne yanakutazama tu. Chachu aliyoitengeneza Tusekile, mchanganyiko wa kuvu na bakteria wa aina kumi na moja, iliyamaliza kwa siku kumi na nane. Tena ilisema na watu kwa njia ya pua. Joto likifika lilikotakiwa, biwi lilinukia ndizi mbivu, na mwenye nalo akajua leo ni kupindua. Likiiva kuwa mboji lilinukia mchaichai. Hata asiyeona angeweza kulihudumia biwi lake bila kuongozwa.

Harufu ya tatu ndiyo iliyompa Tusekile jina. Zamani watu walipulizia mpunga dawa nyekundu, ya kuua funza wa mabua. Funza walikufa kweli, na kambale wakafa, na bata wakafa, mifereji ikabaki na maji matupu. Serikali ikaipiga marufuku, watu wakaendelea kuipulizia jioni jioni. Ndipo Tusekile, wakati huo ana miaka ishirini na minane na majivuno ya kutosha watu wanne, akampa bakteria mmoja kazi ya kuigundua dawa hiyo ndani ya mabua na kutoa uvundo wa kambale. Adhabu nyingine mtu huivumilia ikapita, aliwaambia wakubwa kwenye kikao, lakini hakuna anayeweza kuvumilia kunuka mbele ya majirani. Wakubwa walicheka sana, wakampigia makofi. Watu wa bondeni wakampa bakteria huyo jina la Shahidi, na ndani ya misimu mitatu samaki wakarudi kwenye mifereji.

Sasa Shahidi alikuwa anamsema Mama Lusungu, na Mama Lusungu hakuwa amepulizia kitu.

Wiki moja iliyopita alikuwa amemzika mwanawe, Lusungu mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, kwa homa iliyomwanza Jumatatu ikamchukua Alhamisi. Waombolezaji walitandikiwa mabua sakafuni, kama ilivyo desturi, na Tusekile alilala juu ya mabua hayo siku tatu, maana nyumba yake na ile zinatazamana. Siku ya pili alikuja mhudumu wa zahanati na pampu mgongoni, akayapulizia mabua yote dawa ya mbu, kwa kuwa msiba wenyewe ulikuwa wa malaria na mbu walikuwa wengi. Asubuhi ya kuanua matanga, Mama Lusungu alikusanya mabua yale kwa mikono yake, akasimama nayo mlangoni.

"Mtaalamu," alimwuliza, "haya zamani tulikuwa tunayachoma njia panda. Sasa mmekataza. Niyapeleke wapi, mwanangu?"

"Weka tu kwenye biwi, mama. Chachu itayala."

Alijibu hivyo huku anakunja khanga yake, mawazo yakiwa kwenye maji ya kuoga. Hakuna mwingine aliyesikia.

2

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imeenea, kwa sababu kambale huyo hana siri. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Bwana Kitalika, mzee mwembamba aliyekuwa hapendi kusumbuliwa wakati wa chakula, alituma mtu kwenye kituo cha utafiti kumwita mtaalamu aje na kipimo. Tusekile alifika akakuta watu kama thelathini wamesimama upande wa upepo, wengine wameziba pua kwa ncha za khanga. Mama Lusungu alikuwa amesimama karibu na biwi lake, kitambaa cheusi cha msiba kichwani, mikono imelegea.

"Shikamoo, mama," Tusekile alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mtaalamu, fanya kazi yako," alisema Kitalika. "Huenda ni panya amefia humo. Mimi ningefurahi ikiwa panya."

Kipimo kilikuwa fimbo ya chuma ya urefu wa mtu mzima. Tusekile alikichomeka katikati ya biwi, polepole, akiomba moyoni kwamba kiwe kimeharibika. Hakikuharibika. Taa nyekundu iliwaka juu ya mpini, na mita mia tatu kutoka pale lango la maji la shamba la Mama Lusungu likajifunga lenyewe, kama lilivyopangwa kufanya. Wote walisikia bati likigonga zege.

"Mama Lusungu," Kitalika alisema kwa upole, "umepulizia?"

"Sijapulizia."

"Basi kwenye biwi umetia nini?"

Hapo Mama Lusungu aligeuza macho akamtazama Tusekile. Hakumtazama kwa kumlaumu. Alimtazama mtu anayejua zaidi yake, akisubiri amsaidie kujibu. Tusekile alikuwa na sentensi nzima mdomoni. Ingemchukua muda mfupi kuliko kukohoa. Lakini watu thelathini walikuwa wanamtazama, watu waliomwita mtaalamu, waliompisha kwenye foleni ya mashine ya kukoboa, na aliona haya. Aliinama akaanza kufuta fimbo kwa kitambaa.

"Mabua na samadi tu," Mama Lusungu akajibu mwenyewe.

"Mtaalamu, wewe unasemaje?"

"Kipimo kimeonyesha, Mwenyekiti," alisema Tusekile. Huo ulikuwa ukweli, na hakuna uongo aliowahi kuusema uliomchafua kuliko ukweli huo.

3

Alirudi kituoni akajifungia maabara. Alichukua mitungi mitatu ya kioo, akatia mabua makavu kila mmoja, akayalowesha mpaka ukiyakamua kwa kiganja yanatoa tone moja au mawili, akaongeza chachu. Mtungi wa kwanza aliuacha hivyohivyo. Wa pili aliutilia dawa ya mbu, wa tatu dawa nyekundu kutoka kwenye kabati lenye kufuli. Kesho yake mchana mtungi wa kwanza ulinukia ndizi. Mingine miwili ilinuka kambale, wa pili kidogo, wa tatu sana.

Sababu haikumsumbua kuitafuta. Dawa hizi mbili ni ndugu. Kila molekuli ya nyekundu ina mkia, na ya dawa ya mbu ina mkia unaofanana nao karibu kabisa. Shahidi hakuwa anaitambua dawa yote. Alikuwa anaushika mkia, na akishaushika anapiga kelele. Shambani hakuna anayepulizia dawa ya mbu, ndiyo maana kwa miaka mitatu kosa hilo halikupata nafasi ya kuonekana. Lilikuwa linasubiri nyumba yenye msiba.

Kilichomsumbua ni daftari. Alilifungua kurasa za miaka mitatu nyuma, akitumaini hatakuta kitu, na akakuta mwandiko wake: *Dawa ya mbu, anaitikia kidogo. Nirudie.* Hakurudia. Siku kumi na tatu baada ya mstari ule kulikuwa na sherehe ya uzinduzi, na yeye alikuwa ameshonesha gauni.

Alimpigia Profesa Ndondole, mkuu wa mradi, aliyekuwa mjini. Profesa alisikiliza bila kumkatiza.

"Una uhakika?"

"Ninao, Profesa. Nimerudia."

"Basi nisikilize. Tuna mabonde matano. Leo ukisimama ukasema Shahidi hukosea, kesho kila aliyepulizia nyekundu atasema ni dawa ya mbu. Utamkatalia vipi? Kipimo chetu hakitofautishi. Ndani ya misimu miwili mifereji imekufa tena, na safari hii hawatatuamini tukija na kitu kingine."

"Na Mama Lusungu?"

"Tutatengeneza Shahidi mpya kimyakimya. Msimu ujao nitaandika barua mwenyewe, arudishiwe shamba. Ni mwanamke mmoja, Tusekile. Samaki wale wanalisha watu elfu themanini."

"Sawa, Profesa."

Alipokata simu alijisikia mwepesi, na wepesi huo ulimtia aibu kuliko daftari. Kumbe alichokuwa anakitafuta ni mtu wa kumwamuru anyamaze.

4

Siku zikaenda. Kitalu cha Mama Lusungu, miche ya msimu wa pili, kilianza kuwa njano kwa kukosa maji, kisha ncha zikakauka. Wanawake waliochota maji pamoja naye walibadilisha saa ya kuchota. Na njiani pakazuka neno, nalo lilikuwa baya kuliko harufu: kwamba mtoto hakufa kwa malaria, alikufa kwa sumu ya mama yake. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Lilipita kwa nyusi na kwa midomo iliyobinuka, kama yanavyopita maneno ya aina hiyo, na lilifika hadi dukani ambako Tusekile alikuwa ananunua sukari.

Sukari hiyo, kilo mbili, aliipeleka kwa Mama Lusungu siku ya tisa tangu harufu ianze. Alijiambia anakwenda kumwomba waongozane hadi kwa Kitalika, akaseme yote huko. Njia nzima ya hatua arobaini alilipanga neno la kwanza.

Mama Lusungu alimkaribisha, akampa kigoda, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. Nyumba ilikuwa safi mno, imefagiliwa hadi pembeni, vyombo vyote vimetolewa nje vimeoshwa na kuanikwa, hata vile vya kabatini. Uvundo ulikuwa umeingia ndani na ulikaa nao kama mgeni wa tatu.

"Nimekuletea sukari, mama."

"Ahsante. Hukupaswa kujisumbua." Mama Lusungu aliipokea kwa mikono miwili. "Mimi ndiye nilitaka nije kwako, nikaona nitakuletea harufu. Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini?"

"Kazi yako. Kijiji chetu kilikuwa hakijanuka mwaka mzima, ulikuwa unakisifia kwa wageni. Nimekuharibia."

Tusekile alidhani anasimangwa. Alimtazama usoni atafute kejeli, hakuiona, na hilo lilimvunja nguvu kabisa. Neno alilolipanga likarudi lilikotoka. Alisema lazima arudi kazini, na alipotoka nje alitembea haraka, akaitikia salamu za watu wawili bila kujua ni nani.

5

Kikao cha kamati kilifanyika siku ya kumi na moja, asubuhi, ndani ya ghala la mpunga. Mpunga ulikuwa umeshauzwa, ghala lilikuwa tupu na sauti zilirudi kutoka kwenye mabati. Walikuja watu wengi kuliko kawaida. Kitalika alisoma kanuni: biwi likinuka kambale na kipimo kikathibitisha, mwenye nalo ananyang'anywa shamba na zamu yake ya maji, na shamba anapewa mwingine. Mwenye biwi ana haki ya kujitetea.

"Mama Lusungu, sema tukusikie."

Alisimama. Hakuwa mtu wa kuzungumza mbele ya watu, na alianza akiitazama sakafu.

"Sina la kupinga. Shambani sikupulizia, Mungu anajua. Lakini mtaalamu alitufundisha hapahapa ghalani kwamba Shahidi hasingizii mtu, nami naamini, maana samaki tunawaona. Basi nimekaa nikajiuliza, hiyo sumu niliiingiza kwa njia gani. Nimetoa vyombo vyote nje, nimevinusa kimoja kimoja. Nimeona ni dumu. Mwezi wa nne nilinunua dumu la njano mnadani, lilikuwa limetumika. Nililisugua kwa mchanga, nikawa nachotea maji ya kitalu, na ya samadi, na ya kunywa." Alimeza mate. "Mwanangu alikuwa anakunywa humo. Hayo mnayosema njiani nimeyasikia, na sikumkasirikia mtu. Ni kweli. Mimi ndiye niliyempa. Shamba chukueni."

Tusekile alikuwa ameketi mbele pamoja na wakubwa, kwenye kiti chenye mto. Kumbe ule usafi, vile vyombo vilivyoanikwa. Kumbe msamaha ule ulikuwa wa kweli. Alikuwa amehesabu shamba, na miche, na majirani wenye kuziba pua, lakini hili, kwamba mama angejiona amemuua mwanawe, hakulihesabu. Alijikuta amesimama, wala hakukumbuka kama aliamua.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza. Alisema juu ya mabua ya matanga na pampu ya mhudumu, juu ya mitungi mitatu na mkia wa molekuli, na juu ya mstari ule wa daftari ambao aliandika nirudie na hakurudia. Alisema kwamba mabua yaliingia kwenye biwi kwa sababu mama aliuliza na yeye akajibu bila kufikiri. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mara mbili walimwambia aongeze.

Kitalika alivua miwani. "Umelijua hili tangu lini, mtaalamu?"

"Tangu siku ya kwanza. Kabla hujaniita."

"Ulichomeka fimbo mbele yangu, nawe unajua?"

"Ndiyo."

Mzee alitikisa kichwa, akavaa tena miwani yake kana kwamba hataki kuonekana macho. Kutoka nyuma ya ghala akasimama mtu mmoja, Mwashitete, ambaye alinyang'anywa shamba mwaka uliopita baada ya majirani kumwona na pampu wakati wa magharibi.

"Basi na mimi ilikuwa dawa ya mbu," alisema, tena kwa tabasamu. "Nirudishiwe."

Wengine walinung'unika, wengine wakacheka kidogo, na Kitalika akamgeukia Tusekile ajibu. Angeweza kusema anaamini Mwashitete anadanganya, na hilo hata watoto walijua, lakini kuthibitisha hakuweza tena. Akilini alimwona Profesa na mabonde yake matano, akaona kwamba mzee yule hakuwa amekosea hata neno. Mabishano yakapamba moto, kila mtu akimkumbuka ndugu yake aliyewahi kunuka.

Mama Lusungu alikuwa bado amesimama. Alitembea kutoka mahali pake, akapita katikati ya watu waliokuwa wanabishana, mpaka mbele ya kile kiti chenye mto. Watu wa safu ya mbele wakanyamaza, kisha wa nyuma.

"Dumu langu halikuwa na kitu?"

"Halikuwa na kitu, mama."

"Na Lusungu?"

"Malaria. Zahanati walimpima damu, karatasi yake niliiona kwa macho yangu. Hukumfanya lolote, mama. Hukumfanya lolote."

Mama Lusungu aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. Tusekile alisubiri alie, au apige, na angepokea vyote kwa shukrani.

"Siku kumi na moja," alisema Mama Lusungu, "nimekwenda kaburini kila asubuhi kumwomba mtoto wangu msamaha kwa kumuua." Hakupandisha sauti. "Sikatai, una wakubwa wako, una samaki wako. Ungeogopa hawa wote, nisingekulaumu. Wangeendelea kuziba pua, shamba lingekwenda, ningevumilia. Lakini nyumba zetu zinatazamana. Ulikuja na sukari ukakaa kwenye kigoda changu. Kwa nini hukuniambia mimi tu?"

Tusekile alitafuta sababu ya hilo kati ya zile zote alizokuwa amejipangia usiku na mchana, za mabonde na za mifereji na za watu elfu themanini, na hakuna hata moja iliyohusika. Kumnong'oneza mama mmoja ndani ya nyumba yake kusingemgharimu samaki hata mmoja. Kwa siku zote kumi na moja wazo hilo halikuwahi kumjia.